Kimeta na tumbusi: mzoga mmoja, wenyewe wawili

Bwana Mifugo Mstaafu ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi kutoka machungani akiwa na swali. Alikuwa amewaona tumbusi wengi wamejaa juu ya mzoga wa punda, na mama yake alishamwonya mara nyingi asisogelee mzoga wowote kwa ajili ya kimeta. Akaniuliza: "Babu, kati ya tumbusi na kimeta, nani mbaya zaidi?" Nikamjibu juujuu kwamba tumbusi ni ndege na kimeta ni ugonjwa, hawapimwi kwenye mizani moja. Usiku nikajilaumu. Nimekuwa afisa mifugo kaskazini mwa Tanzania kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimechanja ng'ombe, nimechoma mizoga, nimekaa chini ya migunga huku ndege hao wakiningoja niondoke, na bado nikashindwa kumpa mtoto jibu la maana. Swali lake lilikuwa zuri. Hawa wawili wanagombea kitu kimoja, na kila mmoja ana namna yake ya kukipata.

Niweke majina sawa kwanza. Kimeta kinaletwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis. Ndiye bakteria wa kwanza kuthibitishwa kwamba yeye hasa ndiye chanzo cha ugonjwa fulani. Kazi hiyo aliifanya Robert Koch mwaka 1876, wakati huo akiwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, ambao leo uko Poland. Tumbusi ninayemsema zaidi hapa ni yule wa mgongo mweupe, Gyps africanus, ambaye huku kwetu ndiye hujaa kwenye mizoga, pamoja na ndugu yake mkubwa, tumbusi wa Rüppell.

Ukubwa nitaupita haraka. Bakteria wa kimeta ni kijiti cha urefu wa mikroni 3 hadi 5, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tumbusi akikunjua mabawa anafika mita 2 na ushei. Ukiwapanga bakteria hao mmoja nyuma ya mwingine kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili, utahitaji kama laki tano. Hesabu hiyo inapendeza masikioni lakini haielezi nani anashinda kwenye mzoga. Kinachoeleza ni mwendo.

Bakteria wengi wana vimkia vya kuogelea. Wa kimeta hana. Hatembei, haogelei, hajisogezi hata unywele mmoja. Alipodondokea ndipo anapokaa mpaka upepo, maji, inzi au mguu wa mnyama umhamishe.

Tumbusi ni kinyume chake kabisa. Wale wa Rüppell wanaozalia kwenye magenge ya Ol Karien na milima ya Gol huruka zaidi ya kilometa 100 kuwafuata nyumbu wa Serengeti, kisha hurudi na nyama tumboni kumlisha kinda. Wala hapigi mabawa kutwa nzima, angechoka. Anangoja jua liipashe ardhi moto, hewa ya moto ianze kupanda, naye anapanda nayo akizunguka bila kupiga bawa. Ndiyo maana alfajiri humwoni angani. Tarehe 29 Novemba 1973 tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha takriban mita 11,300. Hakuna ndege mwingine aliyewahi kurekodiwa juu kiasi hicho.

Watu wengi wanaamini tumbusi hunusa mzoga. Wako wanaonusa, lakini wale wako Amerika. Wa kwetu wanategemea macho, na si kuutazama mzoga tu, wanatazamana wao kwa wao. Kila mmoja amejitengea kipande chake cha anga. Mmoja akianza kushuka, jirani yake anauona ule mshuko na kumfuata, na jirani wa jirani naye hivyo hivyo. Nimewahi kusimama penye ng'ombe aliyekufa saa nne asubuhi, mbingu nyeupe haina hata alama, na kabla sijamaliza kujaza fomu zangu ndege walikuwa arobaini na kitu. Kila nikikumbuka bado nastaajabu.

Tumbusi anaishi kwa haraka. Akichelewa atakuta mifupa, maana fisi yupo, mbweha yupo, jua lipo na funza wapo. Akifika anameza kilo moja au zaidi ndani ya dakika chache, anaijaza gole lake mpaka shingo inatuna, kisha anakaa pembeni kwa sababu hawezi kuruka.

Kimeta hakina haraka na chochote. Kikikosa mwili wa kuishi ndani yake, bakteria anajikausha, anajifunika magamba mazito na kugeuka spora. Hali, hazaani, hafanyi lolote. Jua halimmalizi kirahisi, ukame haumsumbui, na baridi ndiyo kabisa. Waingereza walifanya majaribio ya bomu la kimeta katika kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942, wakitumia kondoo. Kisiwa kile kikafungwa karibu nusu karne. Mwaka 1986 walikinyunyizia tani 280 za fomalini iliyochanganywa na maji ya bahari, ndipo mwaka 1990 kikatangazwa salama. Na mwaka 2016 huko Yamal, Siberia, joto lisilo la kawaida liliyeyusha ardhi iliyokuwa imeganda miaka mingi, kimeta kikaibuka, wakafa paa wa baridi (wale waitwao reindeer) zaidi ya 2,000 na mtoto mmoja wa kiume wa miaka 12. Eneo hilo halikuwa na mlipuko tangu mwaka 1941. Miaka sabini na mitano!

Kwa hiyo mmoja anaifuata nyama, mwingine anaingoja imfuate. Na kweli inamfuata. Mwisho wa kiangazi nyasi zimekuwa fupi, ng'ombe anang'oa mpaka mizizi na udongo, miiba na majani makavu yanamchubua kinywa. Spora inaingia pale. Ndani ya mwili wenye joto na chakula tele inaamka, bakteria anajivika utando unaomficha asitambuliwe na askari wa mwili, anaanza kugawanyika na kumwaga sumu. Ng'ombe uliyemkamua asubuhi akiwa mzima unaweza kumkuta jioni miguu juu.

Hapa ndipo tofauti yao kubwa ilipo, na mjukuu wangu nilipaswa kumwambia hili kabla ya yote. Tumbusi hahitaji kuua. Yeye amejengwa kungoja kifo kilicholetwa na mwingine: njaa, simba, uzee, mto uliofurika. Kucha zake ni butu ukilinganisha na za tai, miguu yake ni ya kutembea zaidi kuliko kukamata. Kimeta lazima kiue. Mnyama aliye hai ndiye shamba lake, na kifo ndicho mlango wa kutokea. Mnyama akishakufa, damu nyeusi isiyoganda vizuri hutoka puani, mdomoni na sehemu ya haja, na tone moja tu lina mamilioni ya bakteria. Wakikutana na hewa wanageuka spora, wanarudi udongoni kungoja tena.

Lakini wale waliobaki ndani ya mzoga usiopasuliwa wako mashakani. Ndani hakuna hewa ya kutosha kutengeneza spora, na bakteria wengine wa utumboni, wale wanaofanya mzoga uvimbe na kunuka, wanawashinda. Siku tatu nne za joto, wengi wamekwisha. Bakteria wanauana wao kwa wao humo ndani. Ndiyo maana tuliwaambia wafugaji kila siku: usipasue! Kisu chako ndicho kinachomfungulia mlango.

Nitaendelea kuhusu tumbo la tumbusi, acha kwanza nipumue.

---

Kijana wa Mto wa Mbu ameandika:

Mzee shikamoo. Nafuatilia kwa makini. Lakini kuna jambo linanitatiza. Tumbusi si ndege mbuai kama tai au kipanga, huyu ni mla mizoga tu. Mbona umepima kucha zake kwa za tai, kana kwamba yuko kundi moja na ndege wawindaji?

---

Bwana Mifugo Mstaafu ameandika:

Marahaba kijana. Umeuliza vizuri. Kwa ukoo, tumbusi wetu wako familia moja na tai, mwewe na kipanga. Mdomo uliopinda ni uleule, macho ni yaleyale. Tofauti ni kazi aliyoichagua. Hata tai wenyewe, mfano tai mwekundu-kahawia wa nyikani, wakikuta mzoga hawauachi. Na kuna tumbusi mmoja wa pwani anayekula zaidi matunda ya michikichi, tungemwita nani huyo? Familia haipangwi kwa mlo.

Sasa tumbo.

Nyama ya mzoga wa siku mbili imejaa viumbe ambavyo mimi na wewe vingetuua. Tumbusi anameza na anaondoka. Watafiti waliochunguza matumbo ya tumbusi wa mgongo mweupe Serengeti miaka ya 1970 walikuta asidi kali sana, kipimo cha pH 1 hadi 2. Bakteria wa kimeta ambaye bado hajageuka spora hana nafasi ya kupita humo. Huo ndio ushindi wa tumbusi: amelifanya tumbo lake kuwa tanuri, na kila kilo ya nyama aliyoila ni kilo ambayo haitaoza hapo chini.

Ndege kwa jumla wana ukaidi wao mbele ya kimeta. Mwaka 1878 Louis Pasteur alijiuliza kwa nini kuku hafi kwa kimeta. Akafikiri huenda ni joto la mwili wake, maana kuku ana nyuzi 41 hadi 42, juu kuliko ng'ombe. Akamchoma kuku bakteria, kisha akamsimamisha miguu ndani ya maji ya baridi mpaka joto lake likashuka. Kuku akafa. Mwingine aliyeanza kuugua akatolewa majini, akapashwa moto, akapona. Jaribio jepesi namna hiyo, ndoo ya maji na kuku, na limekaa kichwani mwangu tangu nilipolisoma nikiwa chuoni. Isichukuliwe kwamba ndege wote wako salama, mbuni hufa kwa kimeta. Lakini Etosha, Namibia, walipopima damu za tumbusi walikuta kinga dhidi ya kimeta, maana yake wamekutana nacho, wakakishinda, na wanaendelea kuruka.

Nisiwadanganye kwamba tumbusi ni msafi asiye na doa. Spora ikishaundwa ni ngumu, nyingine zinaweza kupita hata kwenye tumbo lile. Na tumbusi akishiba anapenda kwenda kuoga bwawani, manyoya ya kichwa na kifua yakiwa na damu. Kwa hiyo anaweza kuhamisha spora mpaka kwenye maji. Kwa miaka mingi wengi wetu tulifundishwa kwamba yeye na fisi ndio wasambazaji wakuu, eti kwa kuwa wanapasua mzoga. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo vijijini. Baadaye watafiti wa Etosha wakaizungushia uzio baadhi ya mizoga ya kimeta ili walaji wasiifikie, mingine wakaiacha wazi, kisha wakalinganisha udongo. Kuwazuia walaji hakukupunguza spora kama ilivyotarajiwa. Damu inayotoka yenyewe puani na nyuma inatosha kuchafua ardhi. Kusoma matokeo hayo kuliniuma, kwa sababu najua ni mara ngapi nilisimama mbele ya wafugaji nikimtupia ndege lawama yote.

---

CBG Kidato cha Tano ameandika:

Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi. Mwalimu wetu alisema kijidudu kinachomuua mwenyeji wake haraka kinajiharibia, kwa sababu kinakosa nyumba. Mbona kimeta kinaua ndani ya siku mbili tatu na bado kipo miaka yote?

---

Bwana Mifugo Mstaafu ameandika:

Marahaba mjukuu wangu, na mwalimu wako yuko sahihi kwa vijidudu vingi. Kifua kikuu kinahitaji mgonjwa aendelee kutembea, kukohoa na kukaa na watu. Mafua vilevile. Mgonjwa akifa mapema, safari imeishia hapo. Kimeta hakisafiri kwa mgonjwa, kinasafiri kwa mzoga. Ng'ombe mgonjwa aliye hai hamwambukizi jirani yake kirahisi. Inabidi afe, tena afe damu yake ikiwa imejaa bakteria. Akiugua polepole, mwili utapata muda wa kujitetea na damu haitajaa. Kwa hiyo ule ukali unaouona ndio njia yake ya kusafiri. Akipona ng'ombe, kimeta kimekwama.

Hapo utaona tumbusi na kimeta wanakaribiana kwa namna ya ajabu: wote wawili wanaishi mbali na chakula chao kwa muda mrefu, na wote wawili wanapata nafasi kwa kifo. Ila tumbusi anakipokea na kimeta kinakileta.

Uzazi nao ukaulinganishe. Bakteria huyu akiwa ndani ya mwili anagawanyika kila baada ya nusu saa hivi, mmoja wawili, wawili wanne, na kuendelea. Tumbusi wa mgongo mweupe anataga yai moja kwa mwaka. Moja tu. Wazazi wanalalia kwa zamu kama siku 56, kinda linakaa kiotani karibu miezi minne, kisha linahitaji miaka kama mitano kabla halijaweza kuzaa lenyewe. Ukimuua tumbusi mmoja mzazi leo, umeondoa kitu ambacho nyika itachukua miaka mingi kukirudisha. Ukiua bakteria bilioni moja kwa moto, wachache waliobaki udongoni hawajapungukiwa na lolote.

---

Nasieku wa Narok ameandika:

Salamu kutoka Kenya. Mzee umenigusa pale pa kuua tumbusi. Huku kwetu shida si kimeta, shida ni sumu. Simba akiua ng'ombe, mtu anakasirika anaupaka mzoga sumu ya wadudu ili simba akirudi afe. Simba pengine harudi. Wanaokuja ni hao ndege. Nilikuwa darasa la saba nilipoona kwa macho yangu, wamelala wamezunguka ng'ombe kama nguo zilizoanikwa, wengine bado wanapapatika. Baba yangu hakuwa mtu wa kulia lakini siku hiyo alikaa chini. Tangu mwaka huo mizoga inakaa siku nyingi karibu na boma na mbwa wameongezeka.

---

Bwana Mifugo Mstaafu ameandika:

Dada Nasieku, pole sana, na asante kwa kusema.

Ulichokiona hakiko Narok peke yake. Juni 2019 kaskazini mwa Botswana, majangili waliua tembo watatu na kuipaka mizoga yao sumu. Wakafa tumbusi 537 pamoja na tai wawili. Majangili wanafanya hivyo makusudi, kwa sababu tumbusi wakizunguka angani wanawaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipoangushwa. Yaani ndege anauawa kwa kuwa ni shahidi. Mwaka 2015 tumbusi wa mgongo mweupe na wa Rüppell waliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Kundi hilo ni la mwisho kabla ya kutoweka porini. Nikiwa kijana niliwaona wengi kiasi kwamba sikuhesabu.

Na tazameni India, kwa sababu wao walishapita njia hii. Miaka ya 1990 tumbusi wao walianza kuanguka kutoka mitini. Aina moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 ndani ya miaka kama kumi na mitano. Ilichukua muda kumjua muuaji, mpaka utafiti uliotoka mwaka 2004 ulipomtaja: diklofenaki. Ndiyo, dawa hiyohiyo ya maumivu ambayo wengi wetu tunainunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo na magoti. Wafugaji wa India walikuwa wanawachoma ng'ombe wao wanaochechemea. Ng'ombe akifa dawa ikiwa bado mwilini, tumbusi akimla figo zake zinafeli. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo, na kuna dawa mbadala, meloksikamu, isiyomdhuru ndege.

Wakati huo mizoga ya ng'ombe ilibaki, na mlaji hakuwepo. Mbwa wa mitaani wakazaliana, na nyuma yao kichaa cha mbwa. Maji yakachafuka. Mumbai, jamii ya Waparsi ambayo tangu zamani huwaweka maiti wao kwenye minara ili ndege wawale, ilibidi itafute njia nyingine, wakajaribu hata vioo vya kukusanya mwanga wa jua. Wachumi wawili waliofanya hesabu mwaka 2024 walikadiria kwamba kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu kama laki tano kati ya mwaka 2000 na 2005. Laki tano. Hesabu ileile ya bakteria niliowapanga kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa hapo juu.

Tumbo lile kali lilipoondoka, hakuna aliyeziba pengo lake. Asidi ya tumbusi hainunuliwi dukani. Kwa hiyo nikiulizwa tena nani mbaya zaidi, nitamwambia mjukuu wangu kwamba ndege huyu ndiye jirani aliyesimama kati yetu na uozo, nasi ndio tunaomwekea sumu.

---

Mchunga Mbuzi ameandika:

Mkuu, hizi habari za India na Botswana ni nzuri, lakini mimi niko porini hapa na mifugo. Nikikuta ng'ombe amekufa ghafla, damu puani, na tumbusi wameanza kushuka, nifanye nini? Niwafukuze au niwaache wafanye kazi yao? Na vijana wanataka nyama, njaa ipo.

---

Bwana Mifugo Mstaafu ameandika:

Ndugu, nakujibu kama ningekuwa nimesimama hapo na wewe.

Nyama msile. Najua njaa, na najua ng'ombe mmoja ni fedha ngapi. Mwaka mmoja katika kijiji kimoja cha Monduli nilifika nikakuta visu viko tayari na moto umewashwa. Mwenye ng'ombe alikuwa na watoto wengi na ukame ulikuwa mkali. Nilipowaambia wasipasue, mzee mmoja aliniuliza: "Wewe utawalisha?" Sikuwa na jibu. Nikabaki nao mpaka usiku, tukala ugali na maziwa ya ng'ombe wa boma jingine. Watu wawili waliokwisha kuchuna ngozi ya mguu mmoja walitokewa na vidonda baada ya siku chache: havikuuma, katikati vyeusi kama mkaa, pembeni vimevimba. Hicho ndicho kimeta cha ngozi, na walipona kwa sababu walifika zahanati mapema. Penisilini na doksisaiklini zinakitibu vizuri kikiwahiwa. Wengi wanaofika wakiwa wamechelewa ni wale waliokula, kwa sababu cha tumboni kinafanana na magonjwa mengine ya kuharisha na kutapika.

Kuhusu tumbusi: kama unashuku kimeta, ndiyo, wazuie, ingawa nimewasifia kurasa zote hizi. Mzoga wa kimeta si wa kuachiwa mlaji yeyote. Ufunike kwa miiba, matawi au turubai ili asifike ndege, mbwa wala fisi. Ziba pua, mdomo na nyuma kwa matambara kama una glovu au hata mifuko mikononi. Usiukokote, maana utaipaka ardhi damu njia nzima. Mjulishe afisa mifugo wa kata. Uchomwe palepale ulipoangukia, pamoja na udongo uliolowa damu. Kuni zikikosekana uzikwe, futi sita kwenda chini, mbali na maji. Watu hupenda kumwaga chokaa juu, lakini miongozo ya Shirika la Afya Duniani inatahadharisha dhidi ya hilo, kwa kuwa kalisi iliyomo inaweza kuisaidia spora kudumu. Walio hai katika zizi hilo wahamishwe malisho na wachanjwe. Chanjo tunayoitumia inatokana na kazi ya Max Sterne kule Onderstepoort, Afrika Kusini, miaka ya 1930: bakteria aliye hai lakini aliyepoteza ule utando wake wa kujificha, kwa hiyo mwili unamwona na kujifunza. Inatakiwa kila mwaka. Ukichanja mwaka huu ukaacha ujao, kimeta hakijasahau.

Mzoga mwingine wowote, wa nyumbu aliyezama, wa punda aliyezeeka, usiotiwa sumu wala dawa, waachie tumbusi. Hiyo ni haki yao.

Jambo moja nimalizie. Etosha waligundua kwamba mahali mnyama alipofia kwa kimeta nyasi huota ndefu na za kijani kuliko pembeni, kwa sababu ya mbolea ya mwili ule, na punda milia wanapenda kwenda kula hapohapo. Nilipolisoma hilo nilikumbuka lile boma la Monduli. Tulichoma ng'ombe yule chini ya mgunga, tukazungushia miiba. Nilipita tena mvua za mwaka uliofuata. Miiba ilikuwa imeoza na kulala chini, na katikati ya mbuga yote ya kahawia kile kiduara kilikuwa cha kijani kibichi, nyasi zimefika gotini. Ndama wawili walikuwa wanaelekea huko. Nikashuka kwenye pikipiki nikakimbia kuwarudisha, kisha tukakata miiba mipya mimi na yule mzee aliyeniuliza nani atawalisha.